Mtini Nairobi: jinsi ya kupata tini tamu pamoja na hii baridi yetu ya Julai

Watu wengi hapa Nairobi wanachukulia tini kama tunda la Uturuki ama Uarabuni, kitu cha kununua kikiwa kimekaushwa kwa supamaketi, pakiti ndogo bei kubwa, na ukiwaambia mtini unazaa vizuri tu Lang'ata, Kasarani, Rongai, hata huko juu Kikuyu, wanakuuliza kama ni ule wa kweli. Ni ule wa kweli. Nimeamua kuandika hii juu kila nikitembea napata mtini umesimama kwa kompaundi ya mtu, mrefu, majani makubwa ya kupendeza, matunda hakuna, ama yako lakini yamekataa kuiva mpaka yanaanguka yakiwa magumu, na mwenyewe ashaamua kwamba Nairobi ni baridi sana kwa hii kitu na anafikiria kuita mtu wa panga. Tafadhali usikate bado.

Mtini unavumilia baridi kutushinda sisi. Tawi lililokomaa la Brown Turkey, aina moja ya mtini, linastahimili hata nyuzi kadhaa chini ya sufuri, na sisi Julai usiku tunashuka mpaka 11 hivi na mchana tunapanda 21 ama 22, sasa hiyo itaua mtini gani? Zile habari unasoma mtandaoni za kufunga mti na blanketi, kuulaza chini na kuufukia na udongo, kuuingiza garaji mpaka theluji iishe, hizo ni za watu wa Canada na kaskazini mwa Marekani, ziache huko huko. Shida yetu ni jua na mvua. Kuanzia Juni mpaka Agosti wingu linatukalia asubuhi yote, saa ingine siku nzima, na tunda likipatikana hapo katikati linasimama tu, halikui haliivi halilainiki, wiki baada ya wiki. Alafu lile linaloiva Aprili mvua ikinyesha linapasuka na kuchacha likiwa bado kwa mti. Kwa hivyo kazi yako kubwa ni moja, kuupanga mti ili matunda yake yaive kati ya Januari na mwanzo wa Machi, wakati jua limewaka na mvua hakuna. Hiyo inawezekana kabisa, unaifanya na mkasi, na nitafika hapo, lakini ukikosea aina ya mti ama mahali pa kupanda mkasi hautakusaidia, so tuanze na hayo.

Kuhusu aina. Kuna mitini inayojizalia yenyewe bila kuchavushwa, na kuna ile ambayo bila nyigu mdogo sana wa kuingia ndani ya tunda na kuleta chavua, matunda yote yanakauka na kuanguka yakiwa madogo. Zile tini kavu nono za Uturuki ni za kundi hili la pili, linaitwa Smyrna. Wakulima wa California waliipanda hiyo aina wakangoja matunda miaka na miaka bila kitu, mpaka nyigu wakaletwa na wakashika makao huko mwaka wa 1899. Na usidhani nyigu wa mugumo ama wa mkuyu watakusaidia, hapana, kila jamii ya hii miti ina nyigu wake na hawabadilishani. Kwa hivyo mtu akikuambia chukua mbegu kutoka kwa tini kavu uoteshe, mwambie asante lakini hapana, zitaota ndio, shida ni kwamba karibu nusu ya hiyo miche itakuwa ya kiume, inazaa vitu visivyolika, na nyingi ya ile iliyobaki itadai nyigu. Utakuwa umemwagilia kivuli miaka minne.

Unataka aina ya kujizalia, na uwe na jina. Brown Turkey ndiyo ningemwambia mtu yeyote aanze nayo, si kwamba ndiyo tamu kuliko zote, lakini inazaa kwa tawi jipya la mwaka huo huo na inavumilia kupogolewa vibaya na fundi asiyejua. Celeste ni ndogo, tamu sana, na kijitundu chake cha chini kimefungwa vizuri kwa hivyo mvua na wadudu hawaingii kirahisi, ukiipata kwa mtu unayemwamini chukua. Black Mission inapenda joto, ingefaa zaidi upande wa Athi River na Kitengela kuliko Limuru. Desert King inasifiwa sana na watu wa nchi za baridi lakini kwetu sikushauri, mavuno yake yasiyohitaji nyigu yanatoka kwa matawi ya mwaka uliopita, na ukipogoa vile nitaeleza hapa utakuwa umeyakata yote ukabaki na yale ya kudai nyigu.

Ukienda kwa wauza miche kando ya Ngong Road ama Kiambu Road, uliza huyu mche umetoka wapi, umetokana na kijiti ama mbegu, na mama yake anazaa? Muuzaji mzuri atakuambia bila kuzungukazunguka. Mche wenye matunda madogo tayari ndani ya karatasi ya nasari ni dalili nzuri lakini bado si uhakika, juu hata Smyrna inatoa hayo madogo kabla ya kuyaangusha. Uhakika ni kukata kijiti kutoka kwa mti ambao umekula matunda yake wewe mwenyewe, na hiyo ni bure.

Sasa mahali. Hapa ndipo maelezo ya mtandaoni yanatupoteza vibaya. Vitabu vyote vya Uingereza vinasema panda mtini mbele ya ukuta unaoangalia kusini. Kwao ni sawa, jua lao liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko karibu digrii moja na robo kusini mwa ikweta, na hiyo Juni na Julai ambayo ndiyo tunakosa jua, jua la saa sita limeinama upande wa kaskazini, karibu digrii 25 kutoka juu ya kichwa. Ukipanda kusini mwa nyumba yako umeuweka mti kwa kivuli miezi ile ile unahitaji kila dakika ya mwanga. Toka nje saa sita mchana mwezi wa Julai siku wingu limeachilia uangalie kivuli cha nyumba kinaangukia wapi, hapo usipande.

Unachotaka ni mahali ambapo mbingu iko wazi upande wa kaskazini na wa magharibi. Magharibi kwa sababu wingu letu la msimu wa baridi mara nyingi linafunguka mchana umeenda, saa nane ama saa tisa, kwa hivyo jua la jioni ndilo la kutegemea, la asubuhi mara nyingi halionekani kabisa. Ukiwa na ukuta wa mawe kwa upande wa kusini ama mashariki ya mti ni baraka, mawe yanashika joto la mchana na kulitoa pole pole usiku. Lakini usiugandamize mti kwa ukuta. Desemba na Januari jua linahamia kusini na ukuta wa mita 3 unatupa kivuli cha zaidi ya mita moja saa sita mchana, so acha mita 1.5 ama 2 kati ya shina na ukuta wa ploti. Nyumba yenyewe, bomba la maji machafu, shimo la choo, hizo acha mita 3 ama zaidi, mizizi ya mtini inatafuta maji kwa nguvu na ikipata ufa kwa bomba inaingia. Kama uko kwa esteti yenye fleti ya orofa tano upande wa kaskazini mwako, kusema kweli ni afadhali upande kwa chombo ambacho unaweza kukisogeza kufuata jua.

Kuhusu sehemu za mji, kadiri unavyopanda ndivyo unavyongoja. Athi River iko mita 1,500 hivi, katikati ya Nairobi ni karibu 1,700, ukienda Karen unapita 1,800, na Limuru iko juu ya 2,200. Watu wa Limuru na Tigoni bado mnaweza, lakini kwenu ukuta si pambo, ni lazima, na muwe tayari tunda kuchukua mwezi mmoja ama zaidi kuliko la mtu wa Syokimau. Huko juu kabisa, upande wa Kinangop, zile asubuhi za Januari mbingu ikiwa safi na majani ya viazi yanachomwa na baridi, machipukizi mateke ya mtini nayo yanaweza kuchomeka, funika na gunia usiku huo na yataendelea.

Udongo. Wenye udongo mwekundu mko sawa, unapitisha maji vizuri. Chimba shimo la futi mbili kwa mbili na kina futi mbili, weka udongo wa juu kando, uuchanganye na debe moja ya samadi ya ng'ombe ama mbuzi iliyooza hadi haina harufu, na urudishe. Upande wa Kiambu na Limuru ambako chai inakubali udongo una asidi nyingi, mtini haupendi hivyo, ongeza kopo kubwa la majivu ya jiko ama chokaa ya shamba. Majivu ya kuni ama makaa matupu, si ya plastiki na takataka.

Wenye udongo mweusi, Embakasi, South C, Syokimau, Kitengela, tafadhali msichimbe shimo na kulijaza udongo mzuri mkidhani mmemaliza. Huo udongo mweusi unashika maji, kwa hivyo shimo lako linageuka beseni, mvua ya Aprili inajaa hapo, mizizi inaoza, na Juni majani yanageuka njano ukidhani ni baridi. Jenga tuta lililoinuka, nusu mita juu ya ardhi na upana mita moja na nusu, weka mawe ama matofali kando ili lisimwagike, jaza udongo mwekundu wa kuletwa uliochanganywa na samadi na mchanga wa mto, panda hapo juu.

Ama panda kwa chombo, na hii si njia ya maskini, kwa mtini ni njia nzuri sana juu mizizi ikibanwa kidogo mti unaacha kukimbilia majani na unafikiria kuzaa. Anza na ndoo ya lita 20, baada ya mwaka hamisha kwa mtungi wa lita 50 au 60, ama nusu ya drumu. Toboa mashimo mengi chini, yale manne ya kuuzwa nayo hayatoshi, na uinue chombo juu ya matofali mawili ili maji yatoke kweli. Mchanganyiko wangu ni karai mbili za udongo mwekundu, moja ya mboji ama samadi iliyooza, na moja ya vile vijiwe vyepesi vya volkano vya upande wa Naivasha ambavyo wenye nasari wanavitumia, ukivikosa mchanga wa mto wenye chembe kubwa utafaa. Kila baada ya miaka miwili ama mitatu, Agosti, utoe mti, kata robo ya mizizi ya kando na chini, urudishe na udongo mpya. Watu wa balkoni, ile ya kuangalia kaskazini ama magharibi ndiyo itakubali, ya kusini itakupa majani tu.

Kupanda kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Kama ni ardhini, ngoja mvua za Machi zianze ama zile za Oktoba, kwa chombo wakati wowote isipokuwa Juni na Julai. Zamisha mche sentimita tano kuliko ulivyokuwa kwa karatasi, kanyaga udongo kidogo, mwagia maji, weka matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita kumi lakini yasiguse shina. Kama mko na fuko eneo lenu, na Kiambu yote mko nao, zungushia shimo waya wa kuku kabla ya kupanda. Fuko akishakula mizizi hakuna dawa, asubuhi unakuta mti umelala na ukiuvuta unakuja wote mkononi.

Maji: mwaka wa kwanza kiangazi ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki inatosha kwa mti wa ardhini. Wa chombo Februari unaweza kuhitaji kila siku, ingiza kidole, kama kukavu mpaka kifundo cha pili mwagilia. Jambo la kuangalia ni usawa. Ukiacha mti ukauke kabisa wiki mbili kwa sababu mifereji imefungwa mtaani, alafu maji yakirudi unafurika shina zima, tunda lililokaribia kuiva linapasuka. Wekeni maji kwa mtungi kando ya huu mti, ya kuoshea vyombo yasiyo na mafuta mengi pia yanafaa.

Mbolea watu wanaizidisha. Mtini ukiupa CAN, ile mbolea ya dukani ya naitrojeni, unakushukuru na majani, tawi linaenda mita mbili kwa mwaka na hakuna hata tunda moja. Samadi debe moja Agosti baada ya kupogoa, nusu debe nyingine kabla ya mvua za Machi, na majivu mkono mmoja mmoja mara chache kwa mwaka, basi. Kama tawi linaongeza kati ya futi moja na mbili kwa mwaka na matunda yako, usiongeze kitu.

Sasa tufike kwa mkasi, na hapa nawaomba msome pole pole maana ndipo siri yote ilipo.

Mtini wa ulaya unalala wakati wa baridi, unaangusha majani yote, wa kwetu haulali vizuri, unasinzia tu. Julai unaona majani mengine yamegeuka njano na kuanguka, mengine yamebaki, na matunda ya umri tofauti tofauti yamejaa kwa matawi. Ukiuacha hivyo utazaa kidogo kidogo mwaka mzima na mengi yataangukia mvua ama wingu. Kwa hivyo sisi tunaupangia usingizi na tunauamsha. Mwisho wa Julai mpaka wiki mbili za kwanza za Agosti, pogoa. Toa matawi yaliyokufa, yanayosuguana, yanayoelekea ndani, na yale machipukizi yanayotoka chini kwa mizizi. Bakisha matawi makuu matatu ama manne yaliyofunguka ili jua liingie katikati. Alafu kila tawi la mwaka huo likate libaki theluthi moja ama nusu, juu kidogo ya jicho linaloangalia nje. Matunda madogo yaliyokwama hapo toa, najua inauma, lakini yanakula nguvu ya mavuno yatakayoiva kweli. Majani yaliyobaki unaweza kuyatoa pia, inasaidia kuukumbusha mti kwamba mwaka umeanza.

Septemba joto linarudi na machipukizi yanalipuka. Chagua mazuri, yawe na nafasi ya kiganja kati yao, mengine yakate yakiwa bado laini. Oktoba mvua fupi inakuja na tawi linakimbia. Likifika majani matano ama sita, bana ncha yake na kucha uivunje. Hii ni hatua ndogo ambayo watu wanairuka na ndiyo inaleta tofauti kubwa, kwa sababu tawi likizuiwa kwenda mbele linatoa tini kwa kwapa la kila jani. Kutoka hapo kwa joto letu hesabu miezi mitatu mpaka minne, kwa hivyo tini iliyotokea mwisho wa Oktoba ama Novemba inakupata Februari, jua kali, hewa kavu, sukari yote inakusanyika. Zilizochelewa zitaiva mwanzo wa Machi. Yale yatakayotokea Februari kwenda mbele yataingia kwa mvua na wingu, kula yatakayofaulu, mengine utayatoa ukipogoa.

Kata ukiwa na glavu na shati la mikono mirefu. Yale maziwa meupe ya mtini yakikaa kwa ngozi alafu jua likapiga, unapata malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi, na watoto wanaosaidia kubeba matawi ndio huumia zaidi juu hakuna aliyewaambia. Osha na sabuni mara moja.

Kitu kingine kinachosumbua roho za watu: tini inakua haraka mwanzo, alafu inasimama. Inaweza kukaa mwezi mzima ama zaidi ikiwa saizi ile ile, kijani, ngumu, na mtu anaanza kuweka mbolea, kubadilisha dawa, kuomba. Ndivyo ilivyoumbwa, ina vipindi vitatu, inakua, inapumzika, alafu siku chache za mwisho inavimba karibu mara mbili, inabadilisha rangi na kulainika. Usiiguse wakati wa mapumziko. Kuna ujanja wa zamani sana wa watu wa Mediterania, ukiona kijitundu cha chini kimeanza kuonyesha wekundu kidogo, weka tone moja la mafuta ya kupikia hapo na kijiti cha kusafisha masikio. Tunda linaiva mapema kwa siku kadhaa. Ukifanya mapema sana linaharibika, na usifanye mti mzima, fanya yale machache ambayo unaona mvua ya Machi itayakuta.

Magonjwa na wezi. Ugonjwa wetu mkubwa ni kutu ya majani, inapenda unyevu, unaona madoa ya kahawia juu na ukigeuza jani kuna unga wa rangi ya chungwa, alafu majani yanaanguka kabla ya wakati na matunda yanabaki bila chakula. Dawa ya kwanza ni hewa, ndiyo maana nimesema fungua katikati ya mti. Ya pili ni kuokota majani yote yaliyoanguka na kuyachoma ama kuyatupa mbali, usiyaweke kwa mboji. Mwagilia chini, usirushie majani maji jioni. Ikizidi, tumia dawa ya kopa, yaani ya shaba, kama ile ya kahawa, baada ya kupogoa na tena machipukizi yakitoka, fuata kipimo cha kibandiko na usipulize matunda yakikaribia kuiva. Vidung'ata, wale weupe wa kama pamba, wapanguse na maji ya sabuni, na ukiona sisimizi wanapanda shina jua kuna vidung'ata ama wadudu magamba juu, sisimizi wanawalinda kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa. Nzi wa matunda wanaingia kwa tini iliyopasuka, so usiache tunda bovu kwa mti ama chini, hata moja.

Ndege sasa. Kuzumburu, wale wa rangi ya vumbi wenye mkia mrefu na kishungi, wanatembea familia nzima na wanajua siku tini itaiva kabla yako. Popo wanamalizia usiku. Neti ya mti mzima inakamata ndege vibaya na inaumiza, mimi napendelea vifuko vidogo vya neti laini vya kufungwa na kamba, vile vya zawadi za harusi, unavalisha kila tunda likianza kuvimba. Vinazuia nzi pia. Ni kazi ya kukaa na kiti chini ya mti jioni moja, na unavitumia tena mwaka ujao.

Kuvuna: tini haiivi ikishatolewa kwa mti, si ndizi. Ukiichuma ngumu itabaki ngumu na itakuuma ulimi. Iliyo tayari shingo yake imelegea, tunda limeinama linaangalia chini, ukiligusa ni laini, pengine ngozi ina nyufa ndogo ndogo ama tone la asali limetokea chini, na ukilivunja kikonyo hakitoi maziwa. Kama kimetoa maziwa umewahi. Chuma asubuhi kabla jua halijawa kali, na kikonyo chake. Kwa friji inakaa siku mbili ama tatu tu, ndiyo maana hauioni ikiwa mbichi kwa mama wa matunda barabarani. Zikija nyingi kwa pamoja kata nusu, tandaza kwa waya safi juu ya mabati na ufunike na neti, jua la Februari linazikausha kwa siku tatu mpaka tano, usiku ingiza ndani zisinywe umande.

Na yale matawi uliyokata Agosti usichome. Chagua yenye unene wa penseli yaliyokomaa na kugeuka kijivu, kata vijiti vya sentimita 20 vyenye macho matatu ama manne, viache kivulini siku moja maziwa yakauke, alafu chomeka ndani ya kopo lenye mchanga na mboji kidogo, jicho moja tu libaki nje. Weka kivulini penye mwanga, mwagia mara moja na usimwagie tena mpaka juu pakauke, vijiti vingi hufa kwa kuoza kuliko kiu. Jani linatoka kwanza kabla ya mizizi, kwa hivyo usifurahi mapema ukakivuta kuangalia. Ngoja wiki sita ama nane, mpaka ukigusa kijiti kwa upande ukione kimekataa kutikisika. Novemba kiko tayari kwa ndoo ya lita 20, na hiyo Brown Turkey inaweza kukupa tini za kwanza ndani ya mwaka mmoja na nusu.